Kununua Shamba na Kudai Haki Mahakamani

Ndugu zetu wa Kitui na Makueni, twaona watu wakinunua shamba kwa neno la mdomo, fedha zikahesabiwa mbele ya wazee. Muuzaji akigeuka, hukimbilia mahakamani wakidhani ushahidi wa wazee watosha. Hautoshi. Sheria ya Kenya yataka mapatano ya ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe. Nayo Sura ya al-Baqara, aya ya 282, ilikwisha kutuamrisha kuandika na kushuhudisha.

Tena shamba la kilimo lahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na iombwe kabla ya kupita miezi 6 tangu mapatano. Bila ya idhini, sheria ya mwaka 1967 huyabatilisha, na la kudaiwa ni fedha tu. Mahakama zimewahi kumwokoa mnunuzi aliyekwisha kukaa shambani, lakini hilo si la kutegemewa.

Ama aliyetimiza masharti, Mahakama ya Mazingira na Ardhi yaweza kumlazimisha muuzaji ahamishe shamba. Akikataa kutia sahihi, ofisa wa mahakama huamriwa kutia mahali pake.

Basi na tuandike leo, tusije tukajuta kesho.