Kabla ya kumtuhumu mtu wa stoo, tengenezeni faili moja

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Tuna kompyuta nne kwenye uwanja mmoja: ya kaunta, ya stoo, yangu na ya bosi. Zote zina QuickBooks Pro. Zamani kila kompyuta ilikuwa na faili lake, na jioni tulihamisha kazi kwa flashi. Mwezi uliopita bosi alileta fundi, akaziunganisha kompyuta kwa Wi-Fi, akaweka faili kwenye kompyuta yangu na kuiruhusu folda ionekane kwa wote. Sasa akiingia mmoja, wengine wanaambiwa faili linatumika. Siku nyingine linatokea kosa la H202, kazi inasimama na wateja wamepanga foleni. Kaunta wamechoka, wamerudia flashi.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Hesabu ya kompyuta hailingani na mali iliyopo. Mara saruji imepungua, mara nondo. Bosi ameapa kwamba mwisho wa mwezi huu mzee wetu wa stoo atakatwa mshahara, na huenda akafukuzwa. Mzee huyu ninamheshimu kama baba, na sijawahi kumwona akichukua hata msumari. Lakini siwezi kumtetea, maana sote tunaingia kwa jina moja na neno moja la siri. Bosi anasema ndiyo rahisi. Je, hesabu hizi zinaweza kuokolewa? Na nimwambie nini bosi?

Mama Mhasibu, Mwanza

*

Dada yangu, pole sana. Nitaanza na mzee wa stoo, kwa sababu mwisho wa mwezi uko karibu na mshahara wa mtu mzima mwenye familia si jambo la kusubiri fundi.

Kwa jinsi mlivyofanya kazi, hesabu zenu haziwezi kumtia mtu hatiani, wala haziwezi kumsafisha. Upungufu kama huo unaweza kuletwa na mafaili yenyewe, bila mkono wa mtu kugusa mfuko hata mmoja. Kaa na bosi, mpe kalamu, mwandike mfano huu pamoja.

Jumatatu asubuhi mafaili yote yanasema stoo ina mifuko 400 ya saruji. Kaunta inauza mifuko 60 na kuandika kwenye faili lake, linabaki 340. Siku hiyo hiyo stoo inapokea lori la mifuko 200 na kuandika kwenye faili lake, linasoma 600. Mifuko iliyopo sakafuni ni 540. Jioni mtu anabeba faili la stoo kwa flashi na kuliweka juu ya lile la kaunta. Mauzo ya mifuko 60 yamefutika, na kompyuta inasema 600. Mkienda kuhesabu, mifuko 60 haionekani, na anayeulizwa ni mwenye funguo.

Sasa geuza mfano. Jioni nyingine linabaki faili la kaunta. Kompyuta inasema 340, mifuko iliyopo ni 540. Hapo mali imezidi kwa mifuko 200, lakini ni nani aliyewahi kuitwa kwa bosi kwa sababu mali imezidi? Upungufu unapigiwa kelele, ziada inapita kimya, na baada ya miezi michache duka zima linaamini kuna mwizi. Rudi kwenye hesabu zenu za nyuma utafute bidhaa zilizozidi. Ukizikuta, huo ni ushahidi mzito kwamba mafaili yamekuwa yakifutana.

Bosi ajue pia kwamba sheria haimruhusu kukata tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka makato ya kufidia hasara yafanyike pale tu hasara imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, mwajiri ameandika chanzo, kiasi na jinsi alivyokipata, na mfanyakazi amepewa nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato hayo hayavuki robo ya mshahara wake wa fedha. Mtaandika chanzo gani leo, wakati mafaili manne yanasema mambo manne?

Tuje kwenye kazi ya fundi. Alichofanya ni nusu ya kazi. Faili la kampuni la QuickBooks, lile linaloishia na herufi QBW, si kama barua ambayo kila mtu anaweza kuifungua kutoka kwenye folda. Ni hifadhidata, na inahitaji kompyuta moja iwe mwenyeji wake: inayopokea maombi ya wengine, kuyapanga na kuyaandika moja baada ya jingine. Kosa la H202 maana yake ni kwamba kompyuta ya kaunta au ya stoo imejaribu kumfikia mwenyeji, ikamkosa.

Kwa hiyo amueni kompyuta moja iwe mwenyeji. Ningependa isiwe yako, maana wewe unaizima ukienda kula, unaiwasha upya na kuchomeka flashi za watu. Tafuteni nyingine iliyo imara, ikae kwenye chumba kinachofungwa, iunganishwe na UPS, na izuiwe kulala yenyewe. Ipewe anwani isiyobadilika kwenye mtandao wenu wa ndani. Kwenye mashine hiyo fundi asakinishe kidhibiti cha hifadhidata kinachokuja na QuickBooks, kisha akielekeze kwenye folda yenye faili lenu. Kitatengeneza kando ya QBW faili dogo linaloishia na ND, ambalo huzielekeza kompyuta nyingine zilifikie vipi faili kubwa. Hapo patakuwapo pia faili la TLG, linalotunza kumbukumbu ya miamala. Hayo mawili msiyafute kwa kudhani ni takataka.

Kisha fundi aende kwenye kila kompyuta nyingine ahakikishe kwamba haijawekwa kuwa mwenyeji. Jambo hili husahaulika sana. Mashine mbili zikigombea kulihudumia faili moja, mtaambiwa linatumika hata kama hakuna aliyelifungua. Mwenyeji ni mmoja, wengine wote ni wageni wake, na faili lifunguliwe katika hali ya watumiaji wengi.

Kuhusu ukuta wa ulinzi wa Windows, baadhi ya mafundi huuzima wote ili H202 iondoke. Usikubali. Programu ya QuickBooks iruhusiwe ipite, na ukuta ubaki umewaka.

Acheni Wi-Fi kwa kazi hii. Intuit, wenye QuickBooks, hawashauri faili la kampuni litumiwe na wengi kwa mtandao usio na waya, kwa sababu mawasiliano yakikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika. Nunueni swichi ndogo na waya za mtandao. Waya wa kawaida wa shaba hufanya kazi vizuri hadi mita 100, na kama stoo iko uwanja huo huo, inawezekana kabisa hamtafika huko. Na mtu akikushauri muweke faili kwenye folda ya Dropbox au Google Drive ili kila mtu alione, mkatalie. Folda hizo hutengeneza nakala kwenye kila mashine, na mtakuwa mmerudi kwenye ugonjwa wa flashi.

Hakikisheni kompyuta zote zina toleo la mwaka ule ule, lenye masasisho yale yale. Toleo jipya likifungua faili la zamani hulibadilisha, na kuanzia hapo mashine yenye toleo la zamani haiwezi tena kulifungua. Tena QuickBooks Pro hupokea watu 3 tu kwa wakati mmoja, na kila mmoja awe na leseni yake. Nyinyi mko wanne. Kaunta, stoo na wewe mfanye kazi siku nzima, bosi aangalie ripoti zake mmoja wenu akitoka. Kama hataki kusubiri, QuickBooks Premier hupokea watu 5. Lakini Intuit iliacha kuuza Pro na Premier kwa wateja wapya wa Marekani mwaka 2024, kwa hiyo kabla ya kulipa muulize muuzaji kwa maandishi kama leseni hiyo ni halali na itahudumiwa kwa muda gani. Programu ya wizi kwenye hesabu za duka zima ni hasara inayosubiri siku yake.

Sasa jina moja na neno moja la siri. Hapa ndipo ningependa usimame imara kuliko mahali pengine pote. QuickBooks hutunza kumbukumbu ya kila muamala: nani ameuandika, lini, nani ameubadilisha, ulikuwaje kabla. Tangu matoleo ya 2006 kumbukumbu hiyo haizimwi. Bosi ameilipia, ipo, inaandika kila dakika. Lakini kwa kuwa nyote mnaingia kama msimamizi, kila mstari unasema msimamizi. Chombo ambacho kingewaambia ukweli mmekifunga mdomo wenyewe.

Kila mtu apewe jina lake na neno lake la siri. Kaunta wauze na kupokea fedha, wasiweze kufuta wala kubadilisha kilichokwisha kuandikwa. Stoo wapokee mali. Wewe ufanye malipo, benki na marekebisho. Bosi abaki na jina la msimamizi, nalo lisitumike kwa kazi za kila siku. Mkimaliza mwezi na kuwasilisha ritani ya VAT, ambayo kwa TRA mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, fungeni kipindi hicho kwa neno la siri ili mtu asiguse mauzo ya nyuma kwa bahati mbaya. Bosi akisema haya yanamchelewesha, mwambie kwamba jina la mtu kwenye muamala humlinda mtu huyo kuliko linavyomchunga. Mzee wa stoo angekuwa na jina lake, leo angekuwa na utetezi wake.

Umeniuliza kama hesabu zinaweza kuokolewa. Zinaweza, ila kwa jasho. QuickBooks Pro haina kitufe cha kuchanganya mafaili mawili ya kampuni yawe moja, kwa hiyo msimpe mtu fedha kwa ahadi ya namna hiyo. Chagueni faili lenye miamala mingi na sahihi zaidi, mara nyingi ni lile la kaunta, liwe ndilo faili la duka. Mafaili mengine yanakilini kwenye diski ya nje, yaandikeni tarehe na jina la kompyuta, myaweke. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe angalau miaka 5, na hayo nayo ni kumbukumbu.

Kisha jazeni kilichokosekana kutoka kwenye vitu ambavyo flashi haikuweza kuvifuta. Mauzo yapo kwenye ripoti za Z za mashine ya EFD. Fedha zipo kwenye taarifa za benki na za Lipa Namba. Mali iliyoingia ipo kwenye hati za kupokelea mzigo na ankara za wasambazaji, na bila shaka mzee wa stoo anazo zimefungwa kwa kamba. Anzeni na saruji, nondo na mabati, kwa sababu humo ndimo fedha nyingi ilimo. Angalieni pia namba za ankara: mafaili mawili yanayofanya kazi mbalimbali hutoa namba ile ile kwa wateja wawili, na moja ikifutika, hapo ndipo pengo lilipo.

Mwisho, chagueni Jumapili moja mfunge duka na kuhesabu mali yote. Wahesabu wawe wawili wawili, mzee wa stoo awepo, na kila karatasi isainiwe na wote. Idadi hiyo ndiyo iingie kwenye faili mlilolichagua. Jumatatu flashi zipigwe marufuku kwa faili la kampuni, hata mtandao ukikatika. Ukikatika, andikeni kwenye kitabu cha karatasi, muingize baadaye.

Nakala ya akiba itengenezwe kila jioni kwa njia ya QuickBooks yenyewe, ile inayotoa faili la QBB, badala ya kunakili QBW wakati watu wamelifungua. Tumieni diski mbili kwa zamu, moja isilale dukani. Mara moja kwa mwezi fungueni nakala hiyo kwenye folda tofauti yenye jina la majaribio, muone kama inafunguka, kisha muifute ili mtu asije akafanyia kazi humo. Mkaguzi wa nje akihitaji hesabu, mtengenezeeni nakala ya mhasibu, ambayo ndiyo iliyoundwa ili marekebisho yake yarudi kwenye faili lenu bila kufuta kazi yenu.

Nimwambie nini bosi? Mwambie hivi: tupe muda hadi hesabu ya Jumapili na mwezi mmoja kamili wa faili moja. Asimamishe makato kwa kipindi hicho. Mwezi ukiisha mali ikalingana, mtakuwa mmeokoa mtumishi mwaminifu na jina la duka. Ikipungua tena, mtajua siku, bidhaa na aliyeandika, na mzee ataulizwa kwa haki pamoja na wengine wote. Mpelekee ombi hilo kwa maandishi, wiki hii, ukiambatanisha mfano wa mifuko ya saruji na orodha ya bidhaa zilizozidi. Wewe ndiye mhasibu. Unapojua kwamba takwimu haziaminiki, kusema hivyo kabla mtu hajaadhibiwa ni sehemu ya kazi uliyoajiriwa kuifanya.