Mhogo wa Amani na Fedha za Utafiti

Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Utafiti haufuati kalenda hiyo, kama historia ya mhogo inavyoonyesha.

Batobato, ugonjwa unaokunja majani ya mhogo na kuyatia mabaka ya manjano, ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Husababishwa na virusi vinavyoenezwa na inzi weupe, na pia kwa pingili zilizokwisha kuambukizwa. Katika miaka ya 1930, H. H. Storey na wenzake katika kituo cha Amani, milimani Usambara, walianza kuutafutia mhogo kinga. Waliuchanganya na jamaa yake, mti wa mpira uitwao Manihot glaziovii. Miche chotara ya kwanza ilistahimili ugonjwa, lakini mizizi yake haikufaa. Ikabidi ichanganywe tena na mhogo, kizazi baada ya kizazi. Mhogo huchukua karibu mwaka mzima kabla ya kung'olewa na kupimwa. Hapo mtaalamu hana la kuharakisha, wala Waziri wa Fedha.

Kazi hiyo ilikoma mwaka 1957. Hata hivyo, mbegu za Amani zilikuwa zimekwisha kupelekwa Nigeria. Huko ulichaguliwa mmea uliopewa namba 58308, na katika miaka ya 1970 taasisi ya kimataifa ya IITA, mjini Ibadan, iliutumia kuzalisha aina mpya. Batobato kali ilipoangamiza mashamba ya Uganda katika miaka ya 1990, aina hizo ndizo walizogawiwa wakulima.

Mwaka 1980, katika Mpango wa Lagos, viongozi wa Afrika walilenga kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia. Kiasi hicho hujadiliwa sana. Muda wa fedha yenyewe hausemwi. Fedha ya mwaka mmoja hununua darubini, lakini haimlipi mtunza kitalu wa mwaka wa tano, na pingili zisizopandwa kwa wakati hunyauka.

Swali kwa wanafunzi: ikiwa kila kizazi kinahitaji mwaka wa kupata mbegu na mwaka wa kupima mizizi, vizazi vinne vitapitia bajeti ngapi, na nini kitatokea ikiwa ya tano itakosa fungu la kitalu?