Dondoo muhimu: Piga hesabu kabla ya kupakia lori

Unanunua mahindi Nabuyoga, wilayani Tororo, na kuyauza Kenya kupitia Busia? Zingatia haya:

• Linganisha bei kwa kilo. Gunia, debe na gorogoro havilingani uzito. Geuza pia shilingi za Uganda na za Kenya ziwe sarafu moja, kwa kiwango cha siku hiyo.

• Usitegemee dalali mmoja. Mfumo wa RATIN wa Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki hukusanya bei za masoko ya kanda. Zilinganishe na za wateja wako.

• Andika kila gharama kwenye daftari. Bodaboda, makuli, ushuru, magunia na usafiri. Taarifa za miamala ya simu zitakukumbusha ulichosahau.

• Pima ubora mapema. Viwango vya Afrika Mashariki vinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu.

• Jua thamani ya mzigo. Bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, hutumia cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani.

• Soma daftari kila mwisho wa mwezi. Tazama ni mteja yupi huchelewesha malipo na ni msimu upi hulipa.

Faida ya kilo ikiwa ndogo kuliko mabadiliko ya kawaida ya bei kwa wiki, subiri au punguza mzigo.