Noti Zinazosema: Somo Kutoka kwa Mwalimu Pablo Casals



Wengi wetu tumepata kusikia kwaya ikiimba wimbo bila kosa hata moja, kila sauti mahali pake, na hata hivyo tukarudi nyumbani mikono mitupu. Siku nyingine tumesikia waimbaji wachache, wasio na sauti za ajabu, wakaimba wimbo ule ule, nasi tukaguswa mpaka ndani. Tofauti yao ni nini? Na je, jambo hilo laweza kufundishwa, au mtu huzaliwa nalo?

Swali hili huwasumbua sana walimu wa vijana wanaojifunza muziki wa klasiki wa Ulaya, yaani muziki wa akina Bach na Beethoven. Kijana hutumia miaka mingi kujifunza vidole viende wapi. Hatimaye anaweza kupiga noti zote zilizoandikwa. Ndipo mwalimu humwambia, "Sasa tia moyo." Kijana hajui moyo huo autoe wapi! Huanza kutikisa kichwa na kufumba macho, lakini noti zinabaki kavu vile vile.

Katika somo hili tumtazame mwalimu mmoja aliyelijua jambo hili kuliko wengi, Pablo Casals. Alizaliwa mwaka 1876 katika mji mdogo wa Vendrell, nchi ya Katalunya huko Hispania, akafariki mwaka 1973 katika kisiwa cha Puerto Rico, akiwa na miaka 96. Chombo chake kilikuwa selo. Selo ni ndugu mkubwa wa fidla: ina nyuzi nne, mpigaji hukaa kitini akaibana kwa magoti, na kuzisugua nyuzi kwa uta.

1. KIBUYU CHENYE UZI MMOJA

Baba yake Casals alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la mji wao, na mtoto aliimba katika kwaya ya kanisa hilo tangu alipokuwa mdogo sana. Chombo chake cha kwanza kilichofanana na selo kilitengenezwa na baba yake kwa kibuyu, kikatiwa uzi mmoja. Wale miongoni mwetu wanaojua zeze watakitambua mara moja. Kwa uzi ule mmoja mtoto alijifunza kupiga nyimbo nyingi.

Tuangalie mpango huo. Aliimba kwanza, kisha akatafuta wimbo wake kwenye uzi. Wanafunzi wengi huenda kinyume: huanza na kidole, na wimbo wausikie baadaye, kama watausikia. Ndiyo maana mwalimu mwema, mwanafunzi anapopiga kifungu kikavu, humwambia aweke chombo chini akiimbe kwa kinywa. Mara nyingi kijana huimba vizuri kuliko anavyopiga. Anavuta pumzi panapofaa, anapanda na kushuka bila kuambiwa. Basi, wimbo anao tayari, kazi iliyobaki ni kuutoa kinywani na kuufikisha mkononi.

Casals alipokuwa na miaka 13, mwaka 1890, aliingia na baba yake katika duka moja la muziki mjini Barcelona, akakuta kitabu cha nyimbo sita ambazo Bach alizitungia selo peke yake. Watu wengi wakati ule waliziona kuwa mazoezi ya vidole tu. Kijana yule alizifanyia kazi kila siku kwa miaka 12 kabla ya kuthubutu kupiga mmoja wapo mzima mbele ya watu. Nyimbo hizo hazina karibu alama yoyote ya kuonyesha wapi papigwe kwa nguvu na wapi kwa upole. Hata maandishi ya mkono wa Bach mwenyewe yamepotea. Tunazijua kwa nakala za watu wengine, mmoja wao mke wake, Anna Magdalena. Kwa hiyo mpigaji anapewa noti na urefu wake, na mengine sharti ayatafute mwenyewe kwa kusikiliza.

2. NOTI HAZIFANANI

Hebu tuchukue neno letu moja, "Umekuja." Mama anamwambia mwanawe aliyetoka safari ya mbali. Mwalimu anamwambia mwanafunzi aliyechelewa. Mwenyeji anamwambia mgeni ambaye hakutazamiwa kabisa. Herufi ni zile zile, lakini hakuna asikiaye ambaye hatatambua furaha, lawama na mshangao. Karatasi haiwezi kuyaandika yote hayo. Ndivyo ilivyo noti ya muziki.

Casals alifundisha mambo machache juu ya jambo hili, tena aliyarudia kila mara. Noti ndefu isiachwe imelala, bali iwe inakua au inapungua. Noti ile ile ikirudiwa mara mbili au tatu, isisemwe kwa namna moja, kwa maana hakuna mtu anayerudia neno bila sababu. Wimbo unapopanda, mara nyingi nguvu huongezeka, unaposhuka, hupungua. Alizoea kuufananisha muziki na mfululizo wa pinde za mvua: kila kifungu huinuka, hufika kileleni, kisha hushuka. Tena alisema kwamba kupungua kwa sauti ndiko uhai wa muziki. Tusikilize kengele ya kanisa: hupiga kwa nguvu, kisha sauti hufifia polepole. Sauti nyingi katika maumbile huenda hivyo, na sikio linapenda hivyo.

Mwalimu anayejua haya hamwambii kijana "tia moyo." Humwuliza: Kifungu hiki kinakwenda wapi? Kilele chake ni noti ipi? Hii ya pili inaijibu ile ya kwanza, au inaisisitiza? Hayo ni maswali ambayo kijana anaweza kuyajibu. Akiisha kuyajibu, mkono wake hubadilika wenyewe.

Liko jambo jingine ambalo wenzetu wanaosoma sol-fa watalielewa kwa urahisi. Noti ya ti haitulii; inatamani kufika do. Casals aliwafundisha wapiga nyuzi kuiinua ti kidogo, iwe karibu zaidi na do, ili msikilizaji asikie hamu hiyo. Mpiga piano hawezi kufanya hivyo, maana noti zake zimekwisha kupangwa na fundi. Lakini mwenye fidla, mwenye selo na mwimbaji wanaweza. Tazameni basi jinsi hisia inavyoweza kukaa katika nafasi ndogo sana: unene wa ncha ya kidole, na maana yote ya kifungu imebadilika.

3. KUIGA, NA KUACHA KUIGA

Hapa pana hatari. Mwalimu anayependwa huigwa. Wanafunzi hutembea kama yeye na kupiga kama yeye, mpaka tunasikia watoto kumi wenye sauti moja. Je, Casals alifanyaje?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kijana Mmarekani aitwaye Bernard Greenhouse alimfuata katika mji wa Prades, kusini mwa Ufaransa. Casals aliishi huko kama mkimbizi, kwa sababu alikataa kuishi chini ya serikali ya Jenerali Franco iliyotawala Hispania tangu mwaka 1939. Greenhouse alisimulia baadaye kwamba walipofanya kazi juu ya wimbo mmoja wa Bach, mwalimu alimtaka aige kila kitu: kila kidole, kila mwendo wa uta, kila pumzi. Ilichukua wiki kadhaa. Kijana alianza kuogopa kwamba atakuwa nakala tu ya mwalimu. Hatimaye walipoweza kuupiga wimbo ule pamoja, sawasawa kabisa, Casals alimwambia aweke selo yake kando asikilize. Kisha akaupiga wimbo wote upya, akibadilisha vidole, mwendo wa uta na vifungu, na wimbo ulikuwa mzuri vile vile! Akamwambia kwamba tangu siku ile ajifunze Bach kwa njia hiyo.

Tusilione jambo hili kuwa mchezo. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini Casals hakuanza na uhuru. Kwanza alimpa kijana njia moja, akaifanya imara, ndipo akamwonyesha kwamba njia ni nyingi. Asiyejua njia hata moja hana cha kuchagua. Na mwalimu anayemwachia mwanafunzi kwenye hatua ya kuiga, asimpe ile siku ya pili ya kusikiliza, amefanya nusu ya kazi yake.

4. ANAYEHESABU MAKOSA

Kisa cha mwisho ni cha Gregor Piatigorsky, mzaliwa wa milki ya Urusi, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wapiga selo wakubwa wa dunia. Yeye mwenyewe alikisimulia katika kitabu cha maisha yake. Alikuwa kijana huko Berlin alipokutana na Casals katika nyumba moja, akaombwa apige pamoja na mpiga piano kijana, Rudolf Serkin. Kwa hofu alipiga vibaya sana. Casals alimsifu, akamkumbatia. Piatigorsky alirudi nyumbani akiwa na uchungu. Alijua alivyopiga, akaona kwamba mzee yule hakuwa mkweli.

Miaka ilipita. Walikutana tena Paris, wakawa marafiki, naye akapata ujasiri wa kumwuliza kwa nini alimsifu siku ile. Casals alikasirika. Alichukua selo yake akamwonyesha: hapa hukutumia vidole hivi, ambavyo kwangu vilikuwa vipya? Na kifungu hiki, hukukianza kwa uta wa kupandisha, namna hii? Alikumbuka yote! Akasema kwamba kuhesabu makosa awaachie wajinga. Yeye huweza kushukuru hata kwa noti moja nzuri.

Hapo ndipo tunapoona kiini cha somo letu. Sifa ya Casals haikuwa adabu ya mgeni sebuleni. Alikuwa amesikia kitu cha kweli ambacho kijana mwenyewe, kwa hofu yake, hakukisikia. Mwanafunzi anayeogopa kukosea hujificha. Hupiga kwa uangalifu, kwa sauti ndogo, bila kilele wala bonde, maana anayejificha hatembei kati ya uwanja. Mwalimu anayehesabu makosa tu humzidishia maficho. Mwalimu anayesema "kifungu hiki kilikuwa kizuri, nami nitakuambia kwa sababu gani" humpa mahali pa kusimama, na kutoka hapo kijana anaweza kuyatazama makosa yake bila kuvunjika.

Wala tusidhani kwamba mzee yule alikuwa mlegevu. Tangu mwaka 1960, akiwa na miaka 83, alikwenda wakati wa kiangazi Marlboro, katika jimbo la Vermont huko Marekani. Hapo vijana wapigaji hukusanyika kufanya kazi pamoja na wakubwa wao, na kiongozi wao wakati huo alikuwa Serkin yule yule. Casals aliwaongoza huko mpaka mwaka wa kufa kwake, akisimamisha kifungu na kukirudia, akiwaimbia kwa kinywa chake mwenyewe, mpaka kila noti iseme. Upole wake ulikuwa kwa mtu, na ukali wake kwa kazi. Walimu wengi tunayabadilisha mawili haya.

5. NA SISI JE?

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba filimbi au kinubi kisipotofautisha sauti zake, hakuna atakayetambua kinachopigwa (1 Wakorintho 14:7). Alikuwa akisema juu ya jambo jingine, lakini mfano wake ni wa mtu aliyejua kusikiliza. Si wengi kati yetu wenye selo nyumbani. Lakini karibu kila mtaa una kwaya, una watoto wanaofundishwa kuimba, na una mtu mzima anayesimama mbele yao na kijiti mkononi. Yale aliyoyafanya Casals hayakuhitaji fedha. Yalihitaji sikio lililo wazi na subira, na moyo wa kutafuta kilicho chema ndani ya kazi ya mtoto kabla ya kutafuta kilichoharibika.

Basi, Jumamosi ijayo kwenye mazoezi tujaribu jambo dogo. Tuchukue mstari mmoja tu wa wimbo tunaoujua sana. Kwanza tuusome kama maneno, kwa sauti ya kawaida, tuone ni neno gani linalobeba uzito. Kisha tuuimbe uzito ukiwa pale pale. Halafu kila sauti iwaambie wengine jambo moja zuri walilolisikia. Makosa yatangoja dakika tano, hayajapata kukimbia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kuna tofauti gani kati ya kuonyesha hisia kwa uso na kuitia hisia katika sauti yenyewe?

2. Katika wimbo tulioimba Jumapili iliyopita, kilele cha mstari wa kwanza kilikuwa neno gani? Je, tulikifikia?

3. Casals alianza na kuiga, akamaliza na uhuru. Katika kuwalea vijana wetu, ni wapi tunapokwama: mwanzoni, au mwishoni?

4. Tukumbuke mwalimu mmoja aliyewahi kututia moyo. Alisikia nini ndani yetu ambacho sisi hatukukisikia? Tumewahi kumfanyia nani hivyo?