Kabla ya kulaumu baruti, pima mtutu

Mdogo wangu wa California, barua yako nimeisoma. Umeanza kujijazia risasi mwenyewe nyumbani, hongera. Ukanunua vichwa vizito vya .223 ukiamini vizito ndivyo vinavyofika mbali, na sasa matundu kwenye karatasi ya shabaha yamekaa marefu, kana kwamba risasi imeingia ubavu. Ni kweli imeingia ubavu. Usiilaumu baruti, mtutu wako haukuvizungusha vya kutosha.

Mifereji ya ndani ya mtutu imejisokota ili risasi itoke ikizunguka. Ukiona 1:12, maana yake inazunguka mara moja kila inchi 12. 1:8 ni mzunguko mmoja kwa inchi 8, msokoto mkali zaidi. Risasi haina tofauti na pia: ikizunguka polepole, inayumba kisha inalala. Sasa shika hili: kinachodai msokoto mkali ni urefu wa kichwa. Uzito tunautaja tu kwa kuwa ndio ulioandikwa kwenye boksi.

Na ninyi wa huko mna mtihani wa ziada. Tangu Julai 1, 2019 wawindaji wa California hawaruhusiwi kutumia vichwa vyenye madini ya risasi. Shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi. Ukifuata greni, yaani uzito, peke yake, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Profesa mmoja Mwingereza, George Greenhill, alitoa hesabu yake mwaka 1879 na hadi leo inatusaidia. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 150, gawa kwa urefu wa kichwa: jibu ni inchi za mzunguko mmoja. Kasi ikizidi futi 2,800 kwa sekunde, weka 180 mahali pa 150. Kichwa cha .223 kina kipenyo cha inchi 0.224. Kikiwa na urefu wa inchi 0.75, ukitumia 180, jibu ni kama 12. Kikiwa na inchi nzima, ni 9. Hiyo ni kwa vichwa vya kawaida. Vya shaba vinataka msokoto mkali kuliko jibu hilo, basi soma boksi, watengenezaji wengi huandika msokoto unaotakiwa.

Usijione mjinga, kampuni kubwa nazo zimeteleza hapo hapo. Mwaka 1955 Winchester walitoa .243 yenye msokoto wa 1:10, na vichwa vya greni 100 vikaenda vizuri. Remington wakatoa .244 yao mwaka uleule, ya 1:12, wakilenga vichwa vyepesi. Wawindaji wa paa walitaka greni 100, wakaenda kwa Winchester. Mwaka 1963 Remington wakairudisha risasi ileile kwa jina la 6mm Remington, safari hii na 1:9.

Kujua msokoto wa mtutu wako, maandishi ya dukani usiyategemee sana. Toa risasi zote, kagua chemba mara mbili. Chukua fimbo ya kusafishia ambayo kishikio chake kinaiacha izunguke, funga kitambaa kinachobana, isukume ndani. Weka alama juu ya fimbo usawa wa mdomo wa mtutu, ivute taratibu hadi alama izunguke na kurudi juu, kisha pima inchi ilizosogea. Rudia, maana kitambaa huteleza.

Ukikuta 1:12, rudi kwenye greni 55 za kawaida. Ukikuta 1:7, usikimbilie vyepesi vyenye ganda jembamba: kwa kasi kubwa vinaweza kupasuka hewani. Na kila ukibadilisha kichwa, hata kwa greni chache, fungua kitabu cha vipimo upya uanzie kiwango cha chini kabisa cha baruti kilichoandikwa kwa kichwa hicho. Vile vizito ulivyonunua usivitupe. Mwenye mtutu wa 1:7 atavinunua kwako.