Mgonjwa anapoomba kurudishwa nyumbani

Maswali haya ni ya ndugu wanaouguza wagonjwa wa saratani Sumbawanga mjini na vijiji vya Ufipa. Anayajibu muuguzi aliyezunguka majumbani kwa wagonjwa wa aina hiyo kwa miaka mingi.

Mama amerudi kutoka Ocean Road, Dar es Salaam, na barua inayosema aendelee na tiba shufaa. Ndiyo wamemkatia tamaa?

Barua inasema saratani haitapona. Haisemi maumivu hayatulizwi. Tiba shufaa ni kutuliza maumivu, kichefuchefu, kuhema kwa shida na hofu, na hiyo ni kazi ya kila siku. Itunzeni barua hiyo, kwani ndiyo itakayomwonyesha daktari wa huku mama alikuwa anapewa nini na kwa kiasi gani. Nimewahi kuikuta chini ya godoro, mgonjwa juu yake akilia usiku kucha kwa vidonge viwili vya panado.

Tumeandikiwa mofini ya maji. Wazee wanasema hiyo ni ya kummaliza mtu.

Wazee waliiona ikitolewa siku ya mwisho, wakadhani ndiyo iliyoua. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari, mtu anaishi nayo miezi, anakaa barazani na kuongea na wajukuu.

Hutolewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo. Ukingoja aanze kulia umeshachelewa. Saa zetu zinasaidia: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku. Hiyo ya mwisho daktari huweza kuiandika maradufu ili nyumba nzima ilale mpaka asubuhi. Msipime kwa kijiko cha chai, maana vijiko havilingani. Chukueni bomba la sindano lisilo na sindano. Kwa bibi mmoja nilizungushia bomba plasta mahali pa kuishia dawa, na mjukuu wake wa darasa la sita akawa hakosei hata dozi moja.

Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia. Mara nyingi ni usingizi aliokuwa anaudai. Lakini akiwa haamki mkimwita, au anapumua polepole mno, msimpe dozi inayofuata. Mpigieni simu aliyeiandika mara moja. Na ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo ya kwanza, kwa sababu mofini hufunga choo kwelikweli.

Jeraha la titi linanuka. Majirani wanasema karogwa.

Harufu inatoka kwa bakteria walioingia kwenye nyama iliyokufa. Jina la mji wetu watu hulitafsiri "tupa uchawi", basi tuutupe. Osheni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, bila kusugua. Muulizeni muuguzi kuhusu kusaga vidonge vya metronidazoli viwe unga laini wa kunyunyiza jerahani kila mnapobadilisha kitambaa. Kanga kuukuu iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha. Wageni watarudi kukaa karibu naye.

Afie nyumbani au hospitali?

Tuseme ukweli: wengi hawachagui, nauli ndiyo inayochagua. Mgonjwa anapanda basi; marehemu anahitaji gari la kukodi na jeneza, na kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,100. Sioni aibu katika hesabu hiyo. Aibu ni wana kukaa kikao mpaka usiku wa manane wakati baba yuko chumba cha pili, akili timamu, na hakuna aliyemuuliza.

Nyumbani panafaa kama dawa ipo, wauguzaji ni wawili au zaidi wa kupokezana, na kuna namba ya muuguzi anayepokea simu. Akitokwa damu nyingi, au anayemuuguza yuko peke yake na amechoka, mpelekeni hospitali na msijilaumu. Walioko bondeni, Muze na Mtowisa, wazungumze na daktari kuhusu akiba ya dawa kabla ya masika. Mvua ikikata njia ya kupanda huku juu, mofini haitashuka.

Uganda iliona mapema kuwa daktari hawezi kuwa kila kijiji. Tangu 2004 wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba hii wanaruhusiwa kuandika mofini. Mimi naona ndipo pa kuigia.

Hataki kula.

Msimlazimishe. Vijiko viwili vya uji wa ulezi akivitaka, la sivyo lowesheni midomo.

Siku za mwisho tutazijuaje?

Hulala muda mrefu, miguu hupoa, koo hukoroma. Mgeuzeni alale kwa ubavu, mwongelesheni. Baridi ya Juni na Julai huku ni kali, ila msimwekee jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Moshi wake usioonekana unaweza kuwachukua na ninyi. Akifariki, mjulisheni mwenyekiti na mtendaji, kisha kifo kisajiliwe ndani ya siku 30.

Mofini iliyobaki msiimwage, wala msimpe jirani mwenye jino. Irudisheni mlikoichukua.