Nchi Nayo Ina Sabato Yake

JUMATANO

Soma Kutoka 23:10, 11 na Mambo ya Walawi 25:1–7, 20–23. Ni akina nani wanaotajwa kuwa watakula mazao ya mwaka wa saba? Ni hofu gani ambayo Mungu alijua Waisraeli wangekuwa nayo?

______________________________________________

Tumezoea kuisoma Sabato kama pumziko la wanadamu, ingawa hata mnyama wa kufuga yumo katika amri ya nne. Sheria ya mwaka wa saba inakwenda mbele zaidi: udongo wenyewe unapewa pumziko. Mkulima haambiwi alime kwa uangalifu tu, anaambiwa aache. Sababu iko katika fungu la 23. Nchi ni mali ya Bwana, nao Waisraeli walikaa juu yake kama wageni.

Hofu yao tunaielewa. Mwenye watoto saba na ekari tatu akiambiwa shamba lipumzike, atauliza watakula nini. Mungu hamkemei anayeuliza hivyo. Anamjibu kwa ahadi ya baraka katika mwaka wa sita. Hata hivyo Israeli hawakutii. Kulingana na 2 Nyakati 36:21, nchi ilipata pumziko iliyonyimwa wakati watu wenyewe walipokuwa uhamishoni Babeli.

Wasukuma walijua jambo linalofanana na hili. Mvua zinapoanza, sehemu ya malisho hufungwa, ng'ombe wasiingie, majani na miti vikue. Kiangazi kinapokuwa kikali hufunguliwa kwa mifugo. Sehemu hiyo huitwa ngitili. Si sheria ya Musa, na hatusemi kwamba ni Sabato. Lakini ni watu walioona kwamba ardhi isiyopumzishwa hailishi.

Mambo yalibadilika katika karne ya 20. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya Shinyanga ili kuwamaliza mbung'o, waenezao malale kwa watu na nagana kwa mifugo. Baadaye miti mingine ilikatwa kupisha mashamba ya pamba, na mingine ikawa kuni na mkaa, huku mifugo ikiongezeka. Watu walipohamishiwa katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, wengi waliziacha ngitili zao mbali. Tuwe waangalifu tusimtafute mkosaji mmoja. Aliyefyeka pori alitaka kuokoa maisha ya watu, na aliyelima pamba alitaka ada ya shule. Kila hatua ilikuwa na sababu yake. Zote kwa pamoja ziliiacha nchi uchi, hata Mwalimu Nyerere akaiita Shinyanga jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wataalamu walianza na vitalu vya miche. Kilicholeta matunda makubwa, hata hivyo, kilikuwa kurudi kwenye ngitili, kwa kuwa wenyeji walikuwa wakiijua na mizizi mingi ilikuwa bado hai chini ya udongo. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizokuwapo zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikapatikana karibu, pamoja na dawa za miti shamba, asali, na nyasi za kuezekea. Mikutano ya jadi iitwayo dagashida iliwatoza faini waliovunja mipaka, na sungusungu wakalinda.

Rudi sasa kwenye Kutoka 23:11. Maskini anatajwa kwanza, halafu wanyama wa mwituni. Hapa ndipo ngitili zinapotuuliza swali gumu. Zipo za kijiji na zipo za watu binafsi, na mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi ndiye aliyefaidika zaidi. Asiye na ardhi huzunguka uzio akitafuta kuni. Ardhi inaweza kupona huku jirani akibaki na njaa. Sheria ya Mungu haikuvitenga vitu hivyo viwili: mwaka nchi ilipopumzika ndio mwaka maskini aliporuhusiwa kuingia shambani.

Wapo washiriki wanaosema, "Dunia hii itateketea, ya nini kupanda miti?" Huwataja 2 Petro 3:10. Tunaamini fungu hilo. Lakini huo si mwisho wa mambo, maana Ufunuo 11:18 huwataja waiharibuo nchi miongoni mwa watakaohukumiwa. Tena hakuna anayekataa kutibu malaria kwa kuwa mwili huu utabadilishwa Bwana atakapokuja.

Jadilini darasani: Kanisa lenu lina kiwanja au shamba? Nani anakata miti hapo, nani anaruhusiwa kuchuma, na mliamuaje? Kama mngefunga sehemu yake ipumzike mwaka huu, ni familia gani kati yenu ingeumia kwanza, nanyi mngeisaidia kwa njia gani?

______________________________________________